Mfinyanzi Hulia Gaeni?

Jioni moja hapa Kidodi, tukiwa kijiweni, niliwasimulia wenzangu habari za Kawakita Handeishi, mkuu wa benki huko Japani, aliyezaliwa 1878 na kufariki 1963. Hela alikuwa nazo, lakini hakuzikalia. Mwaka 1930 alianzisha taasisi ya utamaduni katika mji wake wa Tsu. Umri ulipokwenda, akashika udongo. Alifinyanga mabakuli ya chai mengi ajabu, wala hakuyauza. Aligawia marafiki.

"Huyo ndiye mtu, bwana!" mshikaji mmoja akasema. "Kazi bila tamaa." Wote tukaafiki.

Kesho yake nikamsindikiza bibi yangu gulioni na vyungu vyake. Jamaa mmoja akashika mtungi, akaugonga kwa kidole, akacheka: "Bibi, udongo huu ndio hela yote hiyo? Si umeuchimba bure?" Bibi akapunguza bei. Mimi nikanyamaza, na mpaka leo ukimya ule unaniuma.

Msomaji, hebu tuulizane. Kwa nini tajiri akifinyanga tunaita hekima, na bibi akifinyanga tunaita shida?

Udongo huchimbwa, hupondwa, hukandwa, ndipo chombo kifinyangwe kwa mikono mitupu. Kisha hukaushwa kivulini, taratibu, kwani unyevu ukibaki ndani kitapasuka motoni. Mtungi nao hupoza maji kwa sababu huvuja jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto. Ndoo ya plastiki haiwezi hayo. Huo ni ujuzi, si bure.

Sisemi yule mzee wa Japani alijionyesha. La hasha. Mkuu wa benki kukubali kuchafuka na kuanza upya kama mwanafunzi si jambo dogo. Lakini bakuli lake likipasuka, hakulala njaa. Kutokuuza kulikuwa hiari yake. Bibi hana hiari hiyo, na mapenzi yake kwa udongo hayapungui kwa kuwa anauza.

Hata sisi tunaoota kuandika riwaya huambiwa, "Andika kwa mapenzi, hela baadaye." Mara nyingi anayesema hivyo keshakula.

Kutoa bure ni wema wa mtoaji. Kumlipa fundi haki yake ni deni letu. Wahenga waliposema mfinyanzi hulia gaeni, nadhani walikuwa wakieleza tu hali ilivyo. Hawakutuagiza tuiache hivyo.

Wewe wasemaje?