Masanduku Mengi, Moyo Mmoja

Waraka ni nusu ya kuonana. Ndivyo walivyonena wazee wetu, na neno hilo halijachakaa ingawa waraka wenyewe umebadilika sura mara nyingi. Zamani ulichukuliwa na nahodha wa jahazi ndani ya kikasha chake. Baadaye ulibandikwa stempu ukatiwa katika sanduku la posta. Leo huandikwa katika kompyuta, ukamfikia mpokeaji kabla mwandishi hajainuka kitini. Lakini ikiwa waraka ni nusu ya kuonana, yatupasa kuuliza: anayeonana na mwenziwe ni nani hasa, ikiwa mtu mmoja ana anwani tatu au nne, na kila anwani yamtambulisha kwa cheo kingine? Je, mtu huyo ni mmoja au ni wengi? Na akiwa na sura nyingi namna hiyo, je, ni mwaminifu au ni mnafiki?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Asimamaye Feri, upande wa kisiwa cha Mombasa, asubuhi ya siku ya kazi, huliona likitembea kwa miguu. Watu kwa maelfu huvuka mkondo kutoka Likoni. Wenye magari hulipa nauli, na waendao kwa miguu huvuka bure. Mwanamke aliyekuwa mama wa watoto muda mfupi uliopita hushuka ng'ambo ya pili akiwa mwuguzi. Mzee aliyekuwa mwamuzi wa ugomvi wa jirani zake hushuka akiwa bawabu wa duka. Hapana amwitaye yeyote kati yao mnafiki kwa sababu hiyo. Maji hayakumgeuza mtu; kilichogeuka ni wajibu unaomngoja.

Anwani ya barua pepe ilijengwa juu ya ukweli huo huo. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alipeleka barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, akachagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la kompyuta aliyokuwapo. Basi tangu mwanzo anwani ilitaja mambo mawili: ni nani, na yuko wapi. Mtu yule yule aweza kuwa kwake, aweza kuwa ofisini, aweza kuwa katika chama. Jina la kwanza ni lile lile, na jina la pili hubadilika.

Masanduku yalipozidi, ilikuja haja ya kuyasoma yote mahali pamoja. Mwaka 1988 Steve Dorner wa Chuo Kikuu cha Illinois alitunga programu ya barua akaiita Eudora, kwa jina la mwandishi Eudora Welty, aliyepata kuandika hadithi ya mwanamke aliyehama nyumbani kwao akaenda kukaa posta. Baadaye programu hiyo iliweza kumsomea mtu akaunti nyingi, na kila akaunti ikaitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya nafsi. Moja kati yake ikawa nafsi kuu. Eudora haiuzwi tena, lakini Thunderbird na Outlook hufanya kazi ile ile. Upande wa kushoto akaunti zimepangwa moja chini ya nyingine. Na mwenyewe akitaka, barua zote huingia katika orodha moja, zikafuatana kwa saa zilizofika. Neno lile la nafsi lastahili kufikiriwa. Je, mashine yaweza kumgawa mtu nafsi?

Wapo wasemao kwamba mtu mwadilifu hahitaji ila sanduku moja. Husema: asiye na la kuficha atenganishe nini? Hoja hii hupendeza masikioni, lakini haisimami. Barua si mali ya mwenye kuipokea peke yake. Aliyeiandikia ofisi hakumwandikia karani. Ameiandikia ofisi, ambayo itakuwapo hata karani akiondoka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humlinda kila mtu katika faragha ya mawasiliano yake; na katika kifungu cha 35 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hizi mbili hukaa pamoja kwa amani pale tu ambapo barua za mtu na barua za kazi zimekaa mbalimbali. Zikichanganywa, ama raia atanyimwa haki yake kwa sababu barua ya umma imefichwa katika sanduku la mtu, ama mtu atavuliwa nguo mbele ya watu kwa sababu siri za nyumbani mwake zimelala katika sanduku la umma.

Mfano wake ulionekana Marekani. Hillary Clinton alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje, tangu mwaka 2009 hadi 2013, alitumia seva ya barua ya binafsi kwa kazi za serikali. Mwaka 2016 mkuu wa idara ya upelelezi, FBI, alisema kwamba habari za siri zilishughulikiwa kwa uzembe mkubwa, ingawa hakupendekeza mashtaka. Maelfu ya barua yalibidi kuchambuliwa moja moja ili ijulikane ipi ni ya taifa na ipi ni ya nyumbani. Kutenganisha masanduku, basi, si unafiki. Ni sehemu ya kutunza amana. Mali bila daftari huisha bila habari, na amana isiyotengwa na mali ya mwenye kuitunza huliwa bila hata mwenyewe kujua kuwa amekula.

Unafiki uko mahali pengine. Uko pale mtu ajifanyiapo anwani kwa jina lisilo lake ili amtukane mwenziwe bila kujulikana, au amwibie fedha kwa kujifanya ni mwajiri wake. Kenya imekataza kujifanya mtu mwingine namna hiyo kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018. Tofauti ni nyepesi kuona. Anwani ya kweli hutaja wajibu mmoja wa mtu. Anwani ya uongo humkimbiza mtu kutoka katika kila wajibu.

Lakini mambo mazito hayamo katika uhalifu, ambao kila mtu huujua kuwa ni uhalifu. Yamo katika siku za kawaida za mtu mwema. Tuseme yuko kijana karani katika ofisi ya mawakala wa forodha, mwenye akaunti nne katika programu yake. Ya kwanza ni yake mwenyewe. Ya pili ni ya ofisi. Ya tatu ni ya chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwao, ambacho yeye ni katibu wake. Ya nne ni ya mama yake; alimfungulia ili apate habari za binti yake afanyaye kazi Muscat, na kwa kuwa mama hajui kutumia kompyuta, kijana ndiye amsomeaye. Katika orodha moja ya programu, bei ya kutoa makontena bandarini hukaa juu ya tanzia, na tanzia hukaa juu ya salamu za dada.

Siku moja binamu yake, ambaye ni karani wa wakala mwingine, amwandikia katika sanduku lake la nyumbani: ofisi yenu imemtajia mteja fulani bei gani? Jibu lipo mstari wa pili chini ya swali. Hapa ndipo kijana agunduapo jambo ambalo hakuna mtunga programu awezaye kulitengeneza. Mashine huweza kutenga barua, lakini haiwezi kutenga ujuzi. Alichokisoma kama karani amekwisha kukijua kama binamu. Ukuta uliopo baina ya sanduku na sanduku haumo kichwani mwake, isipokuwa aujenge mwenyewe. Na aujenge vipi? Kwa kunyamaza, si kwa kusema uongo. Aweza kumjibu binamu yake, "Hilo ni la ofisi, siwezi kulisema." Hawezi kumjibu, "Sijui," wala kumtajia bei ya kubuni. Amana humfunga ulimi asiseme, lakini haimpi ruhusa ya kusema lisilo kweli.

Jaribio la pili ni gumu zaidi. Kutoka Muscat zimefika barua mbili kwa saa moja. Katika sanduku la mama imeandikwa, "Shikamoo mama, mimi ni mzima na kazi ni njema." Katika sanduku la kijana imeandikwa, "Kaka, nililazwa hospitali siku tatu. Usimwambie mama." Jioni mama ameketi, amekunja mikono, angoja kusomewa. Kijana akisoma barua ya mama kama ilivyo, atakuwa amesoma maneno ambayo ajua si kweli. Akiongeza habari zilizo katika barua yake, atakuwa amevunja amana ya dada. Afanye nini?

Wengine watasema afiche, kwa kuwa huruma ni bora kuliko ukweli. Wengine watasema aseme, kwa kuwa mama ana haki juu ya mwanawe. Mimi naona kwamba kila waraka una mwenyewe. Barua ya mama aisome kama ilivyoandikwa, bila kupunguza neno na bila kulishuhudia kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha, usiku huo huo, amwandikie dada yake: "Nimeitunza siri yako, lakini mama akiniuliza sitamdanganya. Mwandikie wewe mwenyewe upesi." Na mama akimwuliza kabla jibu halijafika, "Nawe umesikia nini?" amwambie, "Lipo jambo, mama, dada atakueleza mwenyewe." Mama atashtuka, na huenda asilale usiku huo. Njia hii ina gharama yake, wala si haki kujifanya haina. Lakini kesho mama atakapojua yote, ataweza bado kumwamini mwanawe amsomee barua ya pili. Mama asiyejua kutumia kompyuta hana ulinzi mwingine ila uaminifu wa macho ya mwanawe.

Tena lipo moja ambalo kijana asilifanye kabisa. Programu humwezesha, kwa kubadili mstari mmoja tu ulio juu ya waraka, kuandika kutoka katika akaunti ya mama. Aweza kumjibu dada yake kwa jina la mama maneno ambayo mama hakuyatamka, hata yakiwa maneno mema. Hapo amevuka kutoka kuwa msomaji hadi kuwa mnyang'anyi wa sauti. Mama awe amesema, ndipo mwana aandike.

Kutokana na hayo twaweza kujifunza desturi chache. Kwanza, kabla ya kupeleka barua, tazama mstari uonyeshao ni ya nani, kwa maana programu huchagua akaunti moja kuwa ya kawaida, na jibu la chama laweza kutoka na muhuri wa ofisi bila wewe kukusudia. Pili, usifungue sanduku usiloweza kulitazama. Barua iliyokaa mwezi mzima bila kujibiwa ni mtu aliyebisha hodi na wewe ukiwa ndani. Tatu, ujue namna barua zako zihifadhiwavyo. Njia ya POP, iliyobuniwa mwaka 1984, huzishusha barua katika kompyuta yako, na kwa kawaida huziondoa kule posta. Njia ya IMAP, aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986, huziacha kule zisomwe kutoka kompyuta yoyote. Karani azishushaye barua za chama katika kompyuta yake kisha akahama mji, amehama na kumbukumbu za watu. Nne, siku uachapo kazi, rudisha akaunti na neno lake la siri kama urudishavyo funguo za mlango.

Sasa tulirudie swali letu la kwanza. Mtu mwenye anwani nyingi ni mmoja au ni wengi? Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini nahodha mmoja aweza kubeba shehena za wenyewe wengi, kila shehena na alama yake, na akazifikisha zote salama. Kosa si kuwa na shehena nyingi. Kosa ni nahodha kuwa na maneno mengine kwa mwenye pamba na maneno mengine kwa mwenye nafaka kuhusu dhoruba ile ile. Basi, kijana usomaye, fungua masanduku kadiri ya wajibu ulio nao, wala usione haya. Lakini jiulize hivi kila ujibupo: kama waraka huu ungeangukia katika sanduku langu jingine, mbele ya watu wanaonijua kwa jina jingine, wangeweza kunitambua kuwa ni mimi? Ukiweza kujibu ndiyo, upeleke. Usipoweza, usiupeleke, uandike upya.