Shimo la Njiani na Fungu la Aliyeanguka



Katika mambo ambayo watu wa miji yetu ya pwani huyachukulia sahali, na hali si sahali mbele ya Mwenyezi Mungu, ni mtu kuumia kwa ubovu wa njia. Mtaro hufukuliwa ukaachwa wazi bila ya kizuizi wala taa, mfuniko wa shimo la maji machafu huibwa usiletwe mwengine, na lami hubomoka mpaka gurudumu likazama. Mtu akivunjika mguu hapo, utasikia baraza mbili zikisema maneno mawili. Baraza moja husema: hii ni kadari, anyamaze, ashukuru kuwa hakufa. Ya pili humwambia: nenda mahakamani, na ukiulizwa sema ulikuwa ukienda polepole na taa yako ikiwaka, hata kama haikuwaka. Sisi twaona zote mbili zimepotea njia, na hii ya pili zaidi.

Hao wa kadari ni wepesi kuwajibu. Aliyemuua mwenziwe kwa kukosea, mauti yale nayo yalikuwa yameandikwa, na juu ya hayo Qurani imewajibisha diya. Kuamini kadari hakumwondolei mtu dhamana ya alilolifanya kwa mkono wake, wala hakumwondolei dhamana aliyepewa kazi akailalia. Mtume (S.A.W.) amelihisabu tendo la kuondoa kinachoudhi njiani kuwa ni katika tanzu za imani, basi itakuwaje hali ya anayekiweka, akalipwa kwa kukiweka? Na imepokewa kwa Sayyidna Umar kuwa alihofu kuulizwa juu ya mnyama atakayejikwaa katika nchi ya Iraki kwa kuwa hakumtengenezea njia, naye yuko Madina.

Tukija kwenye fikihi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, tutaona jambo hili halikuachwa. Imamu Nawawi katika Minhaji ameeleza kuwa mwenye kuchimba kisima katika njia nyembamba kikawadhuru wapitao, dhamana ni juu yake. Ametaja hata mwenye kutupa taka na maganda ya matikiti njiani (na wauza matunda wetu wasikie), kuwa akiteleza mtu, aliyetupa hudhamini kwa kauli iliyo sahihi. Lakini waliokisherehi kitabu hicho wameongeza sharti: ikiwa mpitaji ameyaona maganda na akayakanyaga kusudi, hapana dhamana. Na katika mlango wa wanaogongana, wawili wakigongana bila ya kukusudia wakafa wote, jamaa za kila mmoja hutoa nusu ya diya ya mwenziwe. Kwa nini nusu? Kwa sababu kila mmoja amekufa kwa matendo mawili, la mwenziwe na lake mwenyewe, na lake mwenyewe halilipwi na mtu.

Waingereza walichelewa kufika hapo. Katika mwaka 1809 ilihukumiwa kwao kesi ya Butterfield na Forrester. Forrester alikuwa akitengeneza nyumba yake mjini Derby, akaweka mti ukaziba sehemu ya njia. Butterfield akapita jioni juu ya farasi akienda mbio sana, na mwangaza ulikuwapo wa kutosha kuuona mti ule kwa mbali. Akagonga, akaanguka, akaumia. Hakupata hata senti, kwani iliamuliwa kuwa asiyejihadhari mwenyewe hana la kudai. Kosa dogo la aliyeumia likawa lafuta kosa lote la aliyeziba njia. Waliibadili kwa sheria ya mwaka 1945, ikawa hakimu apunguze malipo kwa kadiri ya fungu la kosa la mdai, asimnyime yote. Sheria ya Kenya nayo yafuata njia hiyo. Hatusemi kuwa sheria hizi na fikihi yetu ni kitu kimoja. Diya ina kipimo chake na wanaoitoa wanajulikana, na hakimu wa serikali hukisia mwenyewe. Lakini katika hili moja, kuwa kila mtu achukue fungu lake la kosa, zimekutana.

Sasa tazama linalowakuta watu wetu. Mahakama za Kadhi hazisikilizi madai ya kuumia. Kazi yao ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Basi Muislamu husimama mbele ya hakimu wa serikali, akaapa kwa Mwenyezi Mungu. Tuseme alistahiki shilingi 600,000, lakini alipanda pikipiki usiku bila ya taa, na lau angesema kweli hakimu angemtwika asilimia 30 ya kosa. Haki yake ni 420,000. Akaificha habari ya taa, akapewa zote. Zile 180,000 ni za nani? Mtume (S.A.W.) alitwambia kuwa huenda mmoja wetu akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa alivyosikiwa, na atakayepewa haki ya mwengine kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Na katika Suratun Nisaa tumeamrishwa tuwe mashahidi wa haki hata juu ya nafsi zetu. Hukumu ya hakimu haiihalalishi pesa hiyo, wala hoja kwamba ni mali ya serikali, na serikali ndiyo iliyoacha shimo.

Hata hivyo wasifurahi wenye kuacha mashimo. Twaona ni dhulma wakili wao kusema: huyu ni mwenyeji wa mtaa, shimo alilijua, basi lawama ni yake. Bibi mzee asiye na njia nyengine ya kwendea sokoni hakuridhia kuanguka kwa kuwa alilijua shimo. Wala mtoto na kipofu hawapimwi kwa kipimo cha dereva aliyekuwa akizungumza kwenye simu. Na mkandarasi anayekuja usiku wa pili kulifukia shimo na kusimamisha kibao cha tahadhari, kisha akaapa kuwa kibao kilikuwapo, hana tofauti na yule aliyeificha taa.

Mwenye haki naye asikae nayo nyumbani akingoja watu wa baraza wamalize kubishana. Dai la kuumizwa juu ya mtu au kampuni lina miaka 3, lakini juu ya Serikali ni miezi 12 tu, kisha mlango hufungwa. Shimo lipigwe picha siku ile ile, na majina ya mashahidi yaandikwe. Na pikipiki ipigwe picha pia, pamoja na taa yake kama ilivyokuwa.