Mbao ya Mercedes na Msasa wa Haraka

Mzee mmoja wa Ruiru alikuwa na Mercedes 230E ya 1989. Injini ilikuwa nzima na viti safi. Kilichomkera ni mbao ya katikati, kuzunguka gia na kisanduku cha majivu: vanishi ilikuwa imepasuka na kubanduka magamba. Jumamosi ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya bintiye, naye hakutaka wageni walione gari likiwa hivyo. Jumatano akalipeleka kwa seremala wa kando ya barabara, mtengenezaji wa vitanda na makabati. Ni fundi mzuri, nami nasema hivyo kwa dhati.

"Mzee, hii ni kazi ya asubuhi moja," akaambiwa, na mashine ya msasa ikawashwa. Vanishi ilitoka upesi. Kisha vumbi likabadilika rangi, mistari ikafutika, na chini yake ikatokea mbao nyingine iliyopauka.

Wote wawili walidhani wameshika ubao mmoja. Kumbe mbao za ndani ya magari kama Jaguar na Mercedes kwa kawaida ni viniya: ganda lisilofika milimita moja kwa unene, lililogandishwa juu ya kitu kingine na kufunikwa kwa vanishi nene. Katika Mercedes za miaka hiyo, mara nyingi ni zebrano, mti wa Kameruni na Gabon wenye mistari kama ya pundamilia. Jua hupasua vanishi mapema kuliko mbao yenyewe. Viniya ya mzee ilikuwa haina kasoro hadi asubuhi ile.

Ili kuokoa siku, seremala akachonga kipande cha mkangazi, akakipaka vanishi na kukigandisha. Kilipendeza, ila kilikuwa kinene kuliko cha awali, na kifuniko cha majivu kikagoma kufunguka. Siku ya sherehe gari lilishinda juani. Gundi ikalegea na kipande kikanyanyuka upande mmoja.

Baadaye mzee akashauriwa aende Thika, mji uliozoea magari tangu miaka ya 1970, kilipoanza kiwanda cha kuunganisha magari cha Leyland Kenya, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers. Huko fundi mkongwe wa mapambo ya magari alimuuliza swali moja tu: "Kile cha zamani kiko wapi, mzee?" Kilikuwa kimetupwa pamoja na maranda. Kwangu, hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, maana hata kikiwa kimechubuka, kingekuwa kielelezo cha kukatia kingine.

Kipande kidogo cha pembeni kilikuwa kimesalia. Fundi akakitoa garini, akapasha vanishi moto taratibu na kuikwangua kwa kisu butu. Msasa namba 400 aliuzungusha kwenye kibao, akasugua kwa mkono akifuata mistari. Kisha akapaka vanishi ya magari yenye kinga ya jua, matabaka membamba, kila moja likikauka kabla ya lingine, na kumalizia kwa msasa wa maji wa 2000 na polishi. Kikang'aa kama kipya. Cha katikati kilitafutwa kwenye magari yaliyovunjwa. Kilipatikana, lakini mistari yake haikukutana na ya jirani yake.

Kama una gari la namna hiyo, kabla ya kuzungumza bei muulize fundi wako: hii ni viniya au ni ubao? Akishindwa kujibu, rudi nalo nyumbani. Na kipande cha zamani, kiwe kimepasuka vipi, kidai pamoja na funguo zako.