Sadaka ya Matembezi na Heshima ya Mtoto Maskini



Imekuwa desturi katika mitaa yetu ya Likoni, Kisauni na Changamwe kwamba watu wa kheri huchanga mali, wakakodi basi, wakawachukua mayatima na watoto wa maskini kwenda matembezini: pengine Ngomeni, pengine Milima ya Shimba, pengine Bamburi. Juu ya jambo hili watu wamegawanyika. Wako wasemao: "Mtoto hana sare wala kitabu, nanyi mwampeleka kutazama viboko! Hii si israfu?" Na wako waonao kuwa kila kitolewacho kwa jina la maskini ni kheri tupu, wala hakina haja ya kuulizwa. Sisi twaona makundi yote mawili yamepitiwa na jambo.

Ama la kwanza, Qur'ani Tukufu katika Suratul Ankabut, aya ya 20, yatuamuru kutembea katika ardhi na kutazama jinsi Mola alivyoanzisha viumbe. Amri hii haikuwekwa kwa matajiri peke yao. Hebu tutazame Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe hata pakabaki shimo jeupe lisiloota kitu. Mwaka 1971 Rene Haller akaanza kupanda miti humo, na iliyostahimili vyema ni mivinje. Lakini majani yake yalianguka yasioze, mpaka walipoletwa majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Mwaka 1984 pahala hapo palifunguliwa kwa watu, pakiwa msitu. Mtoto akiyaona haya kwa macho yake hupata somo la kudura ya Mola lisilopatikana ubaoni. Naye mtoto wa Kisauni aweza kukulia jirani na msitu huo asiuingie hata siku moja, kwa kuwa mlangoni pana kiingilio.

Hata hivyo, mwenye kupinga ana haki yake. Zaka ina watu wake wanane, waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Basi fedha ya zaka isigeuzwe kodi ya basi. Matembezi na yatoke katika sadaka ya hiari, wala yasimpokonye mtoto chakula chake.

Ama la pili, nalo ndilo kubwa, ni namna ya kutoa. Mtoto husimamishwa mbele ya basi, chini ya kitambaa kilichoandikwa "Mayatima" na jina la mfadhili kwa herufi kubwa. Hupigwa picha na biskuti mkononi, akaamrishwa ashukuru. Na kabla basi halijarudi, picha imekwisha kuenea katika simu za mji mzima. Kesho yake shuleni wenziwe humcheka. Je, mtoto huyu amepewa, au amenyang'anywa? Suratul Baqara, aya ya 264, yaonya kwamba masimango na udhia huibatilisha sadaka.

Watajibu kwamba picha huwavuta wengine nao watoe, na kwamba aya ya 271 ya sura hiyo hiyo yaruhusu sadaka ya dhahiri. Ni kweli. Lakini kilichoruhusiwa kudhihirishwa ni sadaka, si uso wa aliyepewa. Mtu ana ruhusa ya kuonyesha mali yake. Hana ruhusa ya kuonyesha unyonge wa mwenziwe.

Basi twashauri hivi: lisafiri darasa zima, si mayatima peke yao. Mwenye uwezo alipe, asiye nacho alipiwe, na siri hiyo ibaki kwa mwalimu na mtunza fedha. Wafadhili wapewe hesabu kamili: idadi ya watoto, kodi ya basi, kiingilio na chakula. Hesabu yatosha kuwa ushahidi wa amana; sura ya mtoto haihitajiki.

Arudipo nyumbani jioni, mtoto amsimulie mamake habari za twiga na majongoo, wala asijue ni nani aliyemlipia. Hapo ndipo tutakapotaraji kuwa tumetoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Yeye atutakasie nia zetu na atutakabalie. Amin.