Amana ya Mwenye Nyumba Asiyekuwepo: Unadhifu wa Fundi Umeme kama Swali la Maadili

Swali la iwapo unadhifu wa kazi una uzito wa kimaadili, au ni pambo tu linaloongezwa juu ya kazi iliyokwisha kutimia, ni la zamani katika falsafa na katika dini, lakini ni nadra kuulizwa pale linapojitokeza waziwazi zaidi, yaani katika kazi ambayo ikishamalizika hufunikwa na haionekani tena. Kisanduku cha kugawia umeme katika nyumba ya kuishi ni mfano bora wa kazi ya namna hiyo, kwa kuwa mwenye nyumba hukiona kifuniko chake kila siku na huenda asione ndani yake maisha yake yote.

Kisanduku hicho, ambacho wengi nchini Tanzania hukiita meni swichi, hupokea umeme wa volti 230 kutoka kwenye mita na kuugawa katika njia kadhaa, kila njia ikilindwa na saketi breka, ambayo ni swichi inayojizima yenyewe pale mkondo wa umeme unapozidi kiwango chake. Kwa kawaida njia ya taa hupewa waya wa milimita za mraba 1.5, na ya soketi hupewa wa 2.5. Ndani ya kisanduku hukutana nyaya za aina tatu: waya wa moto, unaoleta umeme, nyutro, inayourudisha, na ethi, inayouelekeza ardhini pale unapovuja. Kazi nadhifu hutambulika mara kifuniko kinapotolewa, kwa sababu kila waya wa moto umeshuka kando ya ukuta wa kisanduku, ukapinda kona moja na wenzake, ukaingia kwenye breka yake bila shaba tupu kuchungulia nje ya skrubu. Nyutro zimepangwa kwa mfuatano uleule wa breka. Na chini ya kila breka pameandikwa inachokihudumia, iwe ni taa za sebuleni au soketi za jikoni.

Mazingira ya Tarakea, mji ulio katika Wilaya ya Rombo mpakani na Kenya, huliongezea swali hili makali yake. Katika miteremko ya Kilimanjaro, desturi humtaka mtu aliyehama aendelee kuwa na nyumba kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, hata kama riziki yake iko Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Kwa hiyo nyumba nyingi hujengwa kwa simu: fedha hutumwa, picha za kuta hurudishwa, na mwenye mali hufika Desemba, wakati wa Krismasi, kazi ikiwa imekwisha kupigwa lipu na kupakwa rangi. Mabomba ya plastiki yanayopitisha nyaya yamefukiwa ukutani, kisanduku kimefungwa, naye hana la kukagua isipokuwa kwamba taa zinawaka. Kinachofuata ni kipimo ambacho kazi hiyo haikuwa imekipata: nyumba iliyokuwa kimya kwa miezi kumi na moja hujaa watu, na pasi, friji, jagi la kuchemshia maji na redio kubwa huwashwa kwa pamoja.

Kwa mtazamo wa Aristotle, unadhifu wa fundi usingekuwa jambo la maadili moja kwa moja. Katika kitabu chake cha maadili kwa Nikomako, alitenganisha kutengeneza na kutenda, akieleza kwamba lengo la kutengeneza liko nje ya kazi yenyewe, katika kitu kinachopatikana, ilhali kutenda vema ni lengo linalojitosheleza. Kwa kipimo hicho, ikiwa nyumba ina umeme na haiungui, basi mpangilio wa nyaya ni suala la ustadi au la kupendezwa kwa macho, wala halihusiani na wema wa mtu. Hoja hii ina nguvu, lakini inachukulia kwamba kisanduku ni kitu tu, wakati ambapo kisanduku pia ni kauli, kwa kuwa fundi anapopanga, kuweka rangi na kuandika majina, anamweleza mtu asiyekuwepo jinsi umeme unavyopita mle ndani.

Ukweli wa kauli hiyo unaweza kuamua uhai wa mtu. Utaratibu wa rangi ambao Afrika Mashariki iliurithi kutoka Uingereza uliupa waya wa moto rangi nyekundu, nyutro nyeusi na ethi kijani. Uingereza yenyewe iliuacha kati ya mwaka 2004 na 2006, ikachukua kahawia kwa waya wa moto na buluu kwa nyutro, na katika utaratibu huo mpya rangi nyeusi hutumika kwa mojawapo ya nyaya za moto katika umeme wa fezi tatu. Nyumba iliyofungwa umeme zamani na kuongezewa vyumba baadaye inaweza kuwa na taratibu zote mbili ndani ya kisanduku kimoja, na fundi asiyeweka alama humwachia mwenzake rangi inayosema jambo moja na waya unaofanya jingine. Hatari zaidi ni nyutro ya kuazima, yaani pale njia moja inaporudisha umeme wake kupitia nyutro ya njia nyingine: fundi wa pili huzima breka ya njia anayoitengeneza, hufungua nyutro yake akiamini imekufa, kumbe bado inabeba mkondo wa njia ya jirani, na ncha aliyoishika huwa na umeme papo hapo. Aliyeazima nyutro ili kuokoa waya mita chache hakutamka neno lolote, lakini amesema uongo kwa mtu ambaye pengine hatamwona kamwe.

Hata hivyo, unadhifu wenyewe unaweza kudanganya. Kisanduku kinaweza kupangwa kikapendeza kwenye picha inayotumwa Dar es Salaam, na skrubu moja ikawa haikukazwa sawasawa. Mahali palipolegea huwa na ukinzani, yaani hali ya kuuzuia mkondo usipite kwa urahisi. Mkondo wa ampea 20 ukipita kwenye ukinzani wa omu 0.1 pekee huzalisha joto la wati 40, sawa na pasi ya kulehemu ya fundi redio, katika nafasi isiyozidi ncha ya kidole. Na breka haitajizima, kwa sababu mkondo haujazidi. Kinachozidi ni joto, na joto la skrubu hiyo breka haikuundwa kulipima. Hapa ndipo lawama ya Yesu katika sura ya 23 ya Injili ya Mathayo, dhidi ya makaburi yanayopakwa chokaa nje na kuficha uozo ndani, inapomhusu fundi moja kwa moja.

Upo pia unadhifu unaokwenda kinyume na maumbile ya kitu. Nyaya nyingi zenye mzigo mkubwa zikikusanywa na kubanwa kwa kamba za plastiki kuwa kifungu kimoja, hupendeza, lakini hunyimana hewa na kupashana joto, hivi kwamba kila mmoja hauwezi tena kubeba mkondo ambao ungeubeba ukiwa peke yake. Kwa hiyo mpangilio mwema hupimwa kwa kadiri unavyoitii asili ya umeme, wala si kwa kadiri unavyonyooka.

Yote haya yanaonyesha kwamba ukaguzi una mpaka. Sheria inataka kazi hii ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, na ni sawa iwe hivyo. Lakini hakuna mkaguzi atakayekaza upya kila skrubu, wala atakayeing'oa fimbo ya ethi iliyopigiliwa ardhini ili kupima ilizama kiasi gani. Hapo dini huwa na neno mahususi. Mtume Paulo, katika sura ya 3 ya Waraka kwa Wakolosai, anawakataza watumishi kufanya kazi kwa ajili ya macho ya watu na kuwataka waifanye kama kwa Bwana. Katika Uislamu, Hadithi ya Jibrili inaeleza ihsani, yaani ukamilifu wa matendo, kuwa ni kumwabudu Mungu kana kwamba mja anamwona, kwa kuwa hata asipomwona, Yeye humwona. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alitofautisha kazi kama kitu kinachofanyika na kazi kama tendo linalomjenga mtendaji, na kwa njia hiyo akaziba mwanya ulioachwa na Aristotle: fundi aliyezoea kukaza skrubu isiyoonekana, pamoja na kufunga umeme, amejifanya mtu wa kuaminika.

Mtu anaweza kupinga kwamba mtazamo huu humfanya Mungu kuwa mkaguzi wa mwisho, anayeogopwa pale wengine wasipofika. Pingamizi hilo lina ukweli ikiwa jicho la Mungu linaeleweka kama jicho la msimamizi. Lakini mafundisho ya Paulo na ya Hadithi ya Jibrili yanaelekea kwingine: mfanyakazi anaambiwa kwamba yule asiyekuwepo, awe mwenye nyumba, fundi wa kesho au mtoto atakayelala katika chumba hicho, yupo mbele ya Mungu sawasawa na aliyepo, na kwa hiyo anastahili haki ileile.

Haki hiyo hailetwi na fundi peke yake. Kona iliyopinda vizuri hudai waya wa ziada, kuandika majina hudai muda, na kurudi kukagua skrubu hudai siku nyingine ya malipo, wakati mwenye nyumba aliye mbali hutafuta mara nyingi aliye rahisi kuliko wote, kisha humharakisha ili umeme uwake kabla ya Krismasi. Anayenunua haraka ya fundi kwa bei ya chini ameshiriki katika uongo utakaoandikwa ndani ya kisanduku chake, hata kama hakushika bisibisi. Kazi ya namna hii ni amana, na amana ina pande mbili, kwa maana aliyekabidhiwa hawezi kudaiwa uaminifu kamili na aliyemnyima njia ya kuutimiza. Kwa hiyo unadhifu wa kazi iliyofichwa ni wajibu wa kimaadili, nao huanza siku ya mapatano ya bei, kabla waya wa kwanza haujakatwa.