Mguu na Sakafu

Tunapotaja utamaduni wa taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, mashairi na mavazi. Ni nadra kuutazama mguu. Hata hivyo, mwendo wa binadamu ni sehemu ya malezi yake, nao hufinyangwa na ardhi aikanyagayo. Basi twauliza: je, ni haki kuulazimisha mguu uizoee sakafu, au yapasa sakafu itengenezwe kwa kumjali mwenye mguu?

Na tuitazame milima ya Uluguru. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Wakulima huteremka kwa vijia vikali, ndizi na mboga zikiwa kichwani, kwenda sokoni. Mwendo wao una elimu yake: hatua fupi, magoti yaliyolegezwa kidogo, shingo wima, vidole vikiushika udongo. Mguu mmoja una mifupa 26, na ardhi isiyo sawa huifanyisha kazi pamoja na misuli yake. Utafiti uliohusu watu wa Kenya na Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba sugu nene ya waendao pekupeku huukinga wayo bila kuupunguzia uwezo wa kuihisi ardhi.

Lakini tusiusifu mwendo wa pekupeku hali sisi tumevaa viatu. Vumbi la sakafu ya udongo huficha funza; udongo wenye unyevu hubeba minyoo ya safura; jeraha la mwiba laweza kuingiza pepopunda. Akosaye kiatu kwa ufukara hakuchagua mila. Morogoro yenyewe ilijengewa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na sehemu kubwa ya viatu hivyo ilikusudiwa kuuzwa Ulaya. Kiwanda kilifungwa mwaka 1990 bila kulikaribia lengo lake. Miguu ya mbali ilifikiriwa kwanza, na ile ipitayo mlangoni ikabaki kama ilivyokuwa.

Simenti nayo imetuletea usafi, kwani hufagilika na haimpi funza maficho. Lakini haibonyei, na asimamaye juu yake kutwa huumwa visigino, magoti na kiuno. Vigae vilivyong'arishwa, vikilowa maji, ni hatari zaidi. Mzee aliyeshuka mlima miaka sitini pasipo kuanguka huja mjini kwa mwanawe, akateleza sebuleni na kuvunjika nyonga. Majirani husema hakuuzoea mji. Sisi twasema sakafu ile ilitandazwa kwa ajili ya macho ya wageni. Nyayo za mzazi hazikukumbukwa.

Hapo ndipo sakafu inapokuwa suala la utu. Hatuna budi kujenga, maana hatutaki kurudi kwenye funza. Lakini ajengaye nyumba, shule au zahanati yampasa ajiulize kwanza ni nani atakayekanyaga hapo, kisha aweke sakafu yenye mkwaruzo kidogo na ngazi zenye pa kushika. Gharama yake ni ndogo kuliko nyonga ya mzee mmoja.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Walikuwa wakisema juu ya njia za udongo na mawe. Palipolainishwa kwa majivuno, hata mwenda pole huanguka.