Wale Wanne Waliotoboa Paa



Leo fungua Marko 2:1-12, hata kama Biblia yako iko kwenye simu. Ni habari ya mgonjwa wa kupooza kule Kafarnaumu. Umesikia mahubiri yake mara nyingi, lakini leo tumwangalie yule mgonjwa: hakutembea hatua hata moja kwenda kwa Yesu. Alibebwa na watu wanne. Mlango ulipojaa watu hawakurudi nyumbani, walipanda juu wakatoboa paa. Na Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Yao, siyo ya mgonjwa peke yake.

Nakwambia hivi kwa sababu na mimi nimewahi kulala kwenye godoro lile. Godoro langu lilikuwa pombe.

Sisi wa Rau na huku mlimani tunazaliwa tukiikuta mbege. Ndizi, ulezi, gome la msesewe, tunajua. Posa ina mbege, harusi ina mbege, msiba una mbege. Sisemi kata moja mkononi mwa babu ni dhambi. Bwana wetu mwenyewe alikwenda harusini Kana. Mimi nilianza hapo, nikahamia pombe kali, hadi nikawa natetemeka mikono asubuhi kabla sijanywa. Nilikwenda kitubio, nikaahidi, nikaanguka. Nikatubu tena, nikaanguka tena. Nikaanza kufikiri Mungu amenichoka.

Kumbe shida ilikuwa hii: nilitaka kujibeba mwenyewe.

Siku moja baada ya kitubio padre aliniuliza swali dogo, "Nani mwingine anajua?" Nikanyamaza. Akaniambia nitafute watu waliopitia njia hii, nikakae nao kila wiki. Nikamjibu, "Padre, Rau ni padogo. Wakiniona naingia huko nitaaibika." Akacheka kidogo, kisha akasema, "Kilabuni wanakuona kila jioni, mbona huko huaibiki?"

Ndugu yangu, jibu sikuwa nalo. Wewe unalo?

Ngoja nikupe kisa cha kweli. Mwaka 1935 Mmarekani mmoja, Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, na biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika. Akasimama kwenye ukumbi wa hoteli, baa iko hapo hapo, moyo unamvuta. Badala ya kuingia alishika simu, akaanza kuwatafuta viongozi wa makanisa ya mji ule, akiomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuongea naye. Ndivyo alivyokutana na daktari mmoja, Bob Smith, naye mlevi. Dokta Bob alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na hiyo ndiyo inayohesabiwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous. Miaka michache baadaye mtawa Mkatoliki, Sista Ignatia, akawa anawapokea walevi katika hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini humo, wakati hospitali nyingi ziliwakataa.

Umeona? Walianza watu wawili. Vikundi vya namna hii havina kiingilio. Kinachotakiwa ni nia ya kuacha pombe. Wanaitana kwa jina la kwanza tu, na linalosemwa pale linabaki pale. Hakichukui nafasi ya kitubio. Kitubio kinakuondolea dhambi. Kikundi kinakushika mkono Jumanne saa kumi na mbili jioni, pale kiu inapopanda.

Basi ufanye nini wiki hii?

Kwanza, mwambie mtu mmoja: padre, katekista, au mwenzako wa VIWAWA anayejua kutunza siri.

Pili, nenda Mawenzi au KCMC, uulizie huduma ya afya ya akili. Waambie ukweli kuhusu unavyokunywa, na uwaulize kikundi kilicho karibu. Na tafadhali, kama unakunywa kila siku na mikono inatetemeka, usiache ghafla peke yako. Mwili unaweza kupata degedege, hata kifo. Kumwona daktari siyo kukosa imani.

Tatu, kama kikundi kiko mbali, anzeni wawili. Chagueni siku, saa, na mahali pasipo na pombe. Kama una simu yenye intaneti, mikutano ya mtandaoni ipo pia.

Na wewe usiyekunywa, usidhani mahubiri haya si yako. Wale wanne hawakuwa wagonjwa. Msindikize mwenzako hadi mlangoni, mngoje nje. Akianguka, mwinue bila kumsimanga. Wazee wetu walipotaka kusamehewa walibeba jani la sale, na aliyepelekewa sale hakutakiwa kukataa. Ndugu yako akirudi na sale lake mara ya tano, lipokee.

Mimi bado nahesabu siku, moja moja. Sijapona kwa nguvu zangu. Nimebebwa.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyeiona imani ya wale wanne, mtazame kila kijana aliyelala kwenye godoro la pombe usiku huu. Mpe ujasiri wa kuita msaada, nasi utupe mabega ya kumbeba. Mama Maria, utuombee. Amina.